Mdhamini wa Mbayuwayu

11 Machi

Mpwa wangu Mbayuwayu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kichwa chako bado kiko mabegani, maana nasikia huko kituo cha mafunzo wanawafungia ndani ya ile mashine ya kuigiza ndege mpaka mtu akitoka hajui juu ni wapi na chini ni wapi. Huku hatujambo. Mama yako naye hajambo, ila vita yake na mpangaji wa chumba cha chini imepamba moto. Yule bwana amenunua tarumbeta. Anajua wimbo mmoja tu, na wenyewe anaujua nusu. Mama yako naye akisikia tarumbeta anaanza kuburuta makabati sakafuni, basi nyumba nzima ni kelele juu na kelele chini. Mimi nazunguka angani kama kawaida, na nikitua nakutana na mikutano ya chama.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu unayotumia umepewa na kampuni, na simu ya mwajiri ina masikio ya mwajiri. Barua nampa Mama Trei, yule mhudumu wa ndege niliyeanza naye kazi nikiwa bado nina nywele. Jibu lako mpe yeye, tena mkononi.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Nimesikia, na si kutoka kwako, kwamba hukuajiriwa kwa mkataba wa chama kama sisi. Umeajiriwa kwa huu mkataba mpya wa mafunzo. Kampuni inakusomesha ndege kubwa, nawe unajifunga miaka sita: hujiungi na chama, hukatai safari, na ukiacha kazi au ukigoma, gharama zote za masomo zinakurudia wewe na mdhamini wako. Mimi ni katibu wa chama cha marubani, halafu habari za mpwa wangu napewa na fundi wa matairi.

Nina maswali matatu. Unapata usingizi wa kutosha? Ni kweli umejifunga miaka sita? Na nani amekuwa mdhamini wako? Nijibu kama tunavyosoma orodha ya ukaguzi kabla ndege haijaondoka: mmoja anataja, mwenzake anatazama kwa jicho, anagusa kwa mkono, ndipo anasema tayari. Mstari mmoja ukiachwa, tunaanza upya kutoka juu. Nilikufundisha hivyo ukiwa na miaka tisa, kwenye sofa, na mfuniko wa sufuria ukiwa usukani.

Halafu kalamu yangu ya bluu unayo bado? Ile niliyokusainia fomu zako za hosteli juu ya boneti ya gari siku ile unaondoka. Ni kalamu nzuri, usiigawe.

Mjomba wako

29 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kupata habari za nyumbani. Mwambie mama asiburute kabati la vyombo, mguu wake mmoja umelegea. Huku sijambo. Tuko kumi na wawili, vyumba vyetu viko juu ya gereji ya mabasi ya uwanja, kwa hiyo hata sisi tuna tarumbeta zetu. Rubani mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja anataja namba za swichi usingizini. Nikimwitikia "tayari" ananyamaza.

Kalamu ninayo.

Nalala vizuri. Ndiyo, ni miaka sita. Sikukwambia kwa sababu nilijua utasema nini, na pia nilijua kwamba kwa mkataba wa chama hakuna aliyeajiriwa tangu mwaka juzi. Nyinyi mlio ndani mnasema mlango ni mbaya. Sisi tulio nje tuliona mlango mmoja tu uliokuwa wazi.

Na mimi nina swali. Huo mkataba mpya mnaoudai mezani, wenye saa za kupumzika na haki ya kukataa safari mtu akiwa amechoka, unatuhusu sisi wa mafunzo? Wenzangu wananiuliza kila siku, maana wanajua mjomba wangu ni nani. Sijui niwajibu nini.

Wasalimie wote. Mpangaji naye msalimie, kwa siri.

Mpwa wako

20 Aprili

Mbayuwayu,

Marahaba. Tuko salama. Lile kabati limevunjika mguu kama ulivyosema, na mama yako anasema kosa ni la tarumbeta.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa, nikaisoma tena nikiwa nimesimama. Mistari miwili umeijibu, wa tatu umeuacha. Mtoto niliyemfundisha mimi haachi mstari kwa bahati mbaya. Kwa hiyo tunaanza upya kutoka juu: usingizi, tayari. Miaka sita, tayari. Mdhamini?

Nimemuuliza mama yako. Kanijibu kwamba hajasaini kitu, na mama yako akidanganya masikio yanamcheza. Hayakucheza. Baba yako ni marehemu, huna kaka, na marafiki zako wote ni watu wasioweza kudhamini hata baiskeli. Sasa nani? Nimeambiwa Mkuu wa Utumishi anakuja huko kila mwezi, anakunywa chai na nyinyi, anawaita wanangu. Mtu yule hajawahi kuniita hata kwa cheo changu. Kama ndiye aliyekusimamia dhamana, basi hukuajiriwa, umepandikizwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zangu zimeanza kuniwasha.

Nitakwambia kwa nini nauliza. Mazungumzo yamekwama. Wanachama wanataka tugome mwezi Juni. Tukigoma sisi, kampuni itawaita nyinyi kumi na wawili, itawaweka kwenye kiti cha kulia cha msaidizi wa rubani, kiti cha kushoto cha kapteni wataweka mameneja wenye leseni, na ndege zitaondoka kama kawaida. Mgomo utakufa asubuhi ileile. Siku hiyo ikifika, utapanda au hutapanda?

Andika jina la mdhamini, hata kwa herufi ndogo.

Mjomba wako

9 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mama naye? Hujaniambia mguu wa kabati umetengenezwa au vipi. Mimi nimefaulu mtihani wa kutua na injini moja. Mkaguzi alisema nina mikono ya mtu mzima. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, lakini kuna jambo linalotangulia.

Barua yako imefika ikiwa imebandikwa gundi ya karatasi kwenye mdomo wa bahasha. Wewe hufungi bahasha kwa gundi ya karatasi, unalamba. Nimemuuliza Mama Trei, akaniapia kwamba hakuifungua, na nilimwamini kwa sababu aliona aibu kuliko mimi. Anasema aliuacha mkoba wake ofisi ya ratiba alipoitwa kubadilishiwa safari, na aliporudi ulikuwa umesogezwa kiti kingine.

Sasa fikiri, mjomba. Uliandika kwa mwandiko wako kwamba hujui mdhamini wangu ni nani. Aliyeifungua bahasha sasa anajua kwamba hujui. Nakuomba uache kuuliza. Kuna kitu mtu asipokijua anaongea kwa ulimi mwepesi, na mimi nataka ulimi wako ubaki mwepesi pale mezani. Zaidi ya hapo sitaandika, kwa barua wala kwa upepo.

Kuhusu kupanda au kutopanda siku ya mgomo, siwezi kukujibu. Usinichukulie vibaya.

Na wewe pia umeacha mstari. Niliuliza kama mkataba wenu unatuhusu. Umeniandikia kurasa mbili za Mkuu wa Utumishi na chai yake, swali langu hukuligusa. Tunaanza upya kutoka juu?

Mpwa wako

2 Juni

Mbayuwayu,

Hatujambo.

Nimekaa muda mrefu bila kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu hasira inatangulia. "Siwezi kukujibu." Mtu anayeweza kutua na injini moja hawezi kusema atapanda au hatapanda? Nimeielewa barua yako. Mdhamini wako ni mtu ambaye nikimjua nitanyamaza, na mtu wa namna hiyo ndani ya kampuni ni mmoja. Umekunywa naye chai, na maneno pia umelishwa. Leo unanifundisha mimi namna ya kuongea mezani.

Ulitaka jibu, basi shika jibu. Mkataba wetu hauwahusu. Wanakamati walitaka kuwaingiza, mimi ndiye niliyesema muachwe. Nilisema nyinyi ni watu wa kampuni, na hatuwezi kuwapigania watu watakaokuja kutuvunjia mgomo. Nilisema hivyo tangu mwezi wa tatu, kabla hata hujaniuliza. Sikukuandikia kwa sababu niliona vibaya kwa ajili ya mama yako.

Mgomo ni tarehe 24. Fanya unachokijua.

Katibu

10 Juni

Mpwa wangu,

Hukunijibu, na ni haki yako. Naandika tena kabla hujajibu, kwa sababu jana kumetokea jambo na sina mwingine wa kumwandikia.

Tulikuwa mezani. Sisi watano upande wa dirisha, wao upande wa mlango. Nilikuwa nazungumza, na unajua mimi nikizungumza. Nikasema mikataba ya mafunzo ni kitanzi, na kwamba mzazi yeyote anayemdhamini mtoto kwa karatasi kama ile ama hana akili ama amenunuliwa. Mkuu wa Utumishi aliniacha nimalize. Akafungua faili lake taratibu, akatoa karatasi moja, akaisukuma mbele ya mwenyekiti wetu, siyo mbele yangu.

Mwenyekiti akaisoma. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Katibu, hii si saini yako?"

Ilikuwa saini yangu. Wino wa bluu. Jina langu, namba yangu ya kazi, na chini yake maneno kwamba mwanafunzi akikataa kazi, gharama zitakatwa kwenye kiinua mgongo cha mdhamini. Miaka yangu yote ya kuamka alfajiri, imekaa pale kwenye mstari mmoja.

Wenzangu walikusanya karatasi zao, na tulipokuwa tukishuka ngazi hakuna aliyetembea sambamba na mimi. Wengine wanasema nilitaka muachwe ili nisionekane nampigania mpwa wangu. Wengine wanasema nimekuwa mtu wa kampuni tangu siku nilipotia saini. Mpwa, hata mimi nikisikiliza naona wana hoja.

Nakuuliza swali moja tu. Ulijua siku ile? Uliniwekea karatasi ile katikati ya zile za hosteli ukijua?

Mjomba wako

14 Juni

Mjomba, shikamoo.

Pole. Naanza na pole kwa sababu najua ngazi zile, na najua unavyopenda kushuka ngazi ukiwa katikati ya watu.

Sikujua. Karatasi zilikuja zote kwenye bahasha moja kutoka ofisi ya utumishi: za hosteli, za hospitali, za sare. Wao walijua mjomba wangu ni nani, na walijua nitampelekea nani asaini. Mimi nimeiona mwezi wa pili huku, nilipokaa kusoma nakala yangu.

Lakini siku ile kwenye gari kumbuka vizuri. Ulikuwa na safari, injini ya gari inaunguruma, miwani umeisahau ndegeni. Nikakwambia, "Mjomba, soma kwanza." Ukasema, "Nisome nini, na aliyezileta ni wewe? Lete kalamu." Nilikupenda sana siku ile. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa imani ya namna hiyo.

Ndiyo maana nilinyamaza. Ungejua, ungeogopa kutaja mikataba ya mafunzo mezani, au ungeitaja huku sauti inatetemeka. Nilidhani usipojua utatupigania sana. Kumbe ulikuwa unatuacha nje, na mimi nakulinda ili ufanye hivyo. Inaniuma, sitaficha. Wakati ule uliniamini hata kusoma hukusoma. Siku hizi unasoma hata nisichoandika.

Ratiba imetoka. Tarehe 24 nimepangwa safari ya kwanza asubuhi, na meneja wa mafunzo ndiye kapteni. Nikikataa, kiinua mgongo chako kinaondoka, na mama anakutegemea. Nikipanda, mgomo unakufa na jina lako linakufa nao. Ulikuwa unaniuliza nitapanda au sitapanda. Sasa uliza tena, mdhamini, ukijua unachouliza.

Mpwa wako

19 Juni

Mbayuwayu, mwanangu,

Marahaba. Mama yako ameisoma barua yako kabla yangu, nilimpa mwenyewe. Akasema nyumba hii imeishi bila vitu vingi, itaishi hata bila hicho kiinua mgongo. Halafu akashuka chini kumgongea mpangaji. Nilidhani anaenda kugombana, kumbe alienda kumuuliza kama bado anahitaji mtu wa kugawana naye kodi ya chumba cha uani, kile anachoweka mashine za kushona, ili naye aanze kushonea watu nguo. Yuko mbali mbele yetu sote, huyo.

Jana nilisimama mbele ya wanachama. Niliwaambia yote kama yalivyo: boneti, miwani, kalamu. Walicheka, wakaacha kucheka. Mmoja aliuliza kwa sauti rubani wa aina gani anasaini asichokisoma, nikamwambia, wa aina yangu, ndiyo maana nataka kipengele cha mdhamini kifutwe kwa wote, wapya na wa zamani. Nikaomba nyinyi wa mafunzo muingizwe kwenye madai. Kulikuwa na kelele za kutosha. Mwenyekiti alipigisha kura ya mikono, hoja ikapita kwa tofauti ya mikono michache. Baada ya hapo waliniomba nijiuzulu ukatibu, nikajiuzulu. Wana haki ya kunitilia shaka. Mimi nilikutilia wewe shaka kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Tunaanza upya kutoka juu. Safari hii nataja na najibu mwenyewe, na kila mstari nimeugusa kwa mkono.

Mdhamini? Mimi.

Mkataba wa chama unawahusu wa mafunzo? Haukuwahusu, kwa sababu yangu. Tangu jana unawahusu.

Kiinua mgongo? Nimekitazama. Kiende.

Utapanda? Hapo siwezi kujibu mimi. Ila nikiulizwa kama mdhamini, nasema usipande.

Mjomba wako

24 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia kwenye benchi la nje ya lango la wafanyakazi. Kitambulisho changu kimebaki kwa mlinzi. Mama Trei naye amegoma, yuko pembeni yangu amevua viatu, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi la leo.

Nilipanda mpaka chumba cha marubani. Nilitaka kupanda, nisikudanganye. Nilikaa kwenye kiti changu cha kulia, nikafunga mkanda. Abiria walikuwa wameshaanza kukaa, nasikia mikoba inavyogongwa juu. Meneja alifungua orodha ya ukaguzi, akataja mstari wa kwanza. Nikatazama, nikagusa, nikajibu. Akataja wa pili, nikajibu. Alipofika mstari wa kuuliza kama wahudumu wote wako sawa kwa safari, mkono wangu ulikuwa haujagusa kitu. Akataja tena. Nikafungua mkanda.

Akaniambia, kwa upole kabisa, "Binti, unajua unamharibia nani?"

Nikamwambia, "Najua. Ameshasoma."

Ngazi zile za ndege ni chache lakini leo zilikuwa nyingi. Nilipofika chini niliogopa kutazama nyuma. Nilisikia viatu. Rubani mwenzangu wa chumbani alikuwa ametoka ndege ya pili, na nyuma yake wawili wengine. Wanne kati ya kumi na wawili. Wanane wamepanda. Sijui kama hiyo inatosha kwa wenzako, na sijui kama watakuamini hata sasa. Ndege nne hazikuondoka.

Tumeambiwa barua za kufukuzwa zitafuata nyumbani. Wakala wa chama ametugawia hapa langoni fomu za kujiunga, na yangu inataka mtu wa kunithibitisha. Nitafika kwa basi la kesho jioni. Njoo kituoni unipokee, kalamu ninayo mimi. Wewe leta miwani.

Mbayuwayu